Shangazi, hedhi imekatika tangu nisafishwe kizazi. Nikubali kusafishwa tena?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33, nimeolewa, na nina binti mmoja anayekaribia miaka minne. Nilimzaa kwa njia ya kawaida bila tatizo. Tatizo lilikuja kama wiki tatu baadaye, nikiwa nyumbani: damu iliyokuwa imeshapungua ilirudi kwa nguvu, mabonge kwa mabonge. Nikakimbizwa hospitali, wakasema kuna kipande cha kondo la nyuma kimebaki, nikasafishwa usiku uleule. Damu ikakata, tukamshukuru Mungu.

Nilinyonyesha muda mrefu, kwa hiyo kutoona siku zangu hakukunishtua. Nilipomwachisha mtoto nikasubiri. Yakaja matone mawili matatu ya kahawia, ya kuchafua nguo tu, na baada ya miezi michache hata hayo yakakoma. Nikuambie ukweli, mwanzoni nilifurahi. Kabla sijazaa nilikuwa natokwa damu nyingi na kuumwa mno, nikaona nimepumzishwa. Ila kila mwezi, karibu na tarehe zilezile, matiti yanajaa, nakasirika bila sababu, halafu tumbo la chini linanikata siku mbili tatu. Damu hakuna.

Tulipoanza kutafuta mtoto wa pili ndipo nikaanza kuzunguka kwa madaktari. Homoni zilipimwa, zote sawa. Ultrasaundi ikasema kizazi ni cha kawaida na mayai yapo. Nikapewa vidonge vya kuleta hedhi, haikuja. Nikapewa vya aina mbili kwa pamoja, nikavimeza wiki kadhaa, haikuja. Nikapewa vya kupevusha mayai. Mwisho nikafanyiwa kile kipimo cha HSG, eksirei ya kizazi na mirija, na hicho kiliniumiza kuliko uchungu wa kuzaa. Dawa haikuingia kabisa. Ripoti imeandikwa kwamba mlango wa ndani wa kizazi umeziba na mirija haikuonekana.

Daktari wa kwanza amesema ni makovu, nirudi wiki ijayo anisafishe tena ili kufungua. Wa pili, kwa kuangalia ripoti ileile, amesema mirija imeziba, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye upandikizaji wa mimba. Wifi yangu ananitumia matangazo ya dawa za kuyeyusha makovu ya kizazi. Mume wangu hajanitupia neno baya, lakini alipoombwa akapime mbegu alisema, "Mimi nina mtoto tayari, tatizo liko kwako." Sikumjibu, ila liliniingia.

Nikubali kusafishwa? Bado naweza kuzaa? Na je, nimejiharibia mwenyewe kwa kukaa kimya wakati ule nikifurahia kutoona siku zangu?

Mama Binti

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile lenye tarehe. Ahirisha hiyo safari ya wiki ijayo mpaka umuulize daktari wako swali moja: atakusafisha akiwa anaona ndani kwa kamera, au atapapasa kwa chuma? Huenda anakusudia kamera na amekurahisishia tu maelezo, na hapo tutaendelea kuzungumza. Ila kama ni kukwangua kama ulivyokwanguliwa usiku ule, kataa kwa heshima na uombe rufaa. Makovu yakishaziba njia, chuma kinachoingizwa bila kuona kinaweza kwenda pembeni na kutoboa kizazi. Na kisipotoboa, kinaweza kukwangua zile sehemu chache za utando zilizobaki hai, ambazo ndizo utakazozihitaji mimba ikija. Jeraha lililoletwa na kukwangua halitibiwi kwa kukwangua.

Nikueleze kilichotokea, maana naona umepewa ripoti nyingi na maelezo machache. Kizazi kwa ndani kina utando wenye matabaka mawili. La juu hujijenga kila mwezi na kutoka kama hedhi. La chini halitoki. Kazi yake ni kuliotesha la juu upya. Ukwanguaji ukifika mpaka tabaka la chini, panabaki nyama mbichi. Sasa ndani ya kizazi kisicho na mimba hakuna nafasi ya wazi, ukuta wa mbele umelalia wa nyuma. Ukiungua vidole viwili vinavyopakana ukavifunga pamoja bila kutia bandeji katikati, vitapona vikiwa vimeshikana. Ndivyo kuta hizo zinavyofanya. Pengine hushikana kwa vijinyuzi vyembamba, pengine chumba chote hufungana. Na wiki za mwanzo baada ya kuzaa ndizo zenye hatari zaidi: kizazi bado ni laini, na mama anayenyonyesha ana kiwango kidogo cha estrojeni, homoni inayootesha utando. Wewe ulisafishwa katikati ya kipindi hicho.

Kitaalamu hali hii inaitwa ugonjwa wa Asherman. Daktari Mjerumani, Heinrich Fritsch, alishamweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1894, lakini jina lilikwenda kwa Joseph Asherman aliyeandika kwa kirefu mwaka 1948 na tena mwaka 1950. Nakutajia miaka hiyo kwa sababu ina jambo linalokuhusu. Maandishi ya 1948 yalihusu hasa wanawake ambao hedhi ilikata kwa kuwa njia ya kutokea, pale kwenye mlango wa ndani, imeziba. Ya 1950 ndiyo yaliyoeleza makovu ya ndani ya chumba chenyewe. Ni hali mbili zinazobeba jina moja, na matumaini yake hayalingani.

Ndiyo maana maumivu yako ya kila mwezi yamenivutia kuliko ripoti zote ulizonitajia. Matiti kujaa na hasira za ghafla zinaonyesha mayai yako yanapevuka na homoni zinapanda na kushuka kama kawaida. Tumbo kukata siku zilezile bila damu kutoka kunaweza kuwa na maana kwamba juu ya kizuizi upo utando unaoota na kumeguka, ila damu yake haina pa kutokea. Kama ndivyo, hiyo ni nafuu kubwa: kizuizi kikiwa chini na chumba cha juu kiko salama, wanawake wengi hurudi kuona hedhi na kupata mimba baada ya njia kufunguliwa. Sitakuahidi kwamba ndivyo ilivyo kwako, kwa sababu tumbo huuma kwa mambo mengi. Lakini kuna njia rahisi ya kupata fununu. Omba ultrasaundi ya kupitia ukeni ifanywe siku zilezile tumbo linapokata, siyo siku yoyote iliyo wazi kwenye kalenda ya hospitali. Damu iliyokwama ndani huonekana. Ile uliyofanyiwa ikasema kizazi ni cha kawaida haikukudanganya kwa makusudi. Makovu hupita bila kuonekana kwenye ultrasaundi ya kawaida mara nyingi tu. Na damu hiyo isiachwe hivihivi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu inaweza kurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni.

Vile vidonge navyo vilitoa jibu, ila hakuna aliyelisoma kwa sauti. Mwanamke akipewa estrojeni na projesteroni kwa mpangilio, kisha akaviacha, utando humeguka akaona damu. Usipoiona hata baada ya hapo, na vipimo vya homoni viko sawa, macho yanapaswa kuhamia kwenye kizazi chenyewe. Kukupa dawa ya kupevusha mayai kulikuwa kupoteza miezi. Mayai yako hayakuwa na shida, na baadhi ya dawa hizo, klomifeni hasa, zinaweza kuufanya utando uwe mwembamba zaidi.

Kuhusu mirija, daktari wa pili amekimbia mbele ya ushahidi. HSG ni eksirei inayopigwa wakati dawa inasukumwa kupitia mlango wa kizazi, ijaze chumba, kisha itoke kwenye mirija. Kwako dawa iliishia mlangoni. Haikufika chumbani, seuze mirijani. Ripoti iliyoandika kwamba mirija "haikuonekana" imesema kweli tupu, na haina maana kwamba imeziba. Hali ya mirija yako itajulikana baada ya mlango kufunguliwa. Na hata ingekuwa imeziba kweli, upandikizaji huruka mirija, hauruki kizazi. Kiinitete kinachotengenezwa maabara bado kinahitaji utando wa kushikilia. Kukiweka kwenye kizazi kilichoshikana, au kwenye chumba ambacho hakijaangaliwa, ni kutafuta huzuni nyingine kwa gharama kubwa.

Unachohitaji kinaitwa histeroskopi. Kamera nyembamba hupitishwa ukeni na mlangoni, maji husukumwa ndani ili kuta ziachane, na daktari anaona moja kwa moja kovu liko wapi na ni zito kiasi gani. Hapohapo anaweza kuyakata kwa mkasi mdogo. Kwa hali kama yako ambapo hata mlango hauonekani, wengi huongozwa pia na ultrasaundi iliyowekwa tumboni wakati wa kazi, ili wasipotee njia. Kwa kawaida unapewa nusukaputi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kabla ya hapo upimwe mimba, hata kama miezi mingi imepita bila hedhi. Kutoona damu si uthibitisho kwamba huna mimba.

Hapa ndipo ningependa uwe mgumu kidogo, mwanangu. Si kila daktari wa wanawake anayefanya histeroskopi, na si kila anayeifanya amezoea makovu mazito. Muulize amefanya ngapi za namna hii. Muulize kama anatumia mkasi au umeme. Wengi waliobobea hupendelea mkasi kwa sababu joto la umeme linaweza kuunguza utando uliobaki. Kisha muulize kitu ambacho wagonjwa husahau: baada ya kukata, atafanya nini ili kuta zisishikane tena? Wapo wanaoweka puto dogo ndani kwa siku kadhaa, wapo wanaotumia jeli maalumu, wapo wanaoweka kitanzi. Wengi huongeza estrojeni kwa wiki chache ili utando uote haraka. Madaktari hawajakubaliana ni ipi iliyo bora, na mimi simgombezi anayechagua hii au ile. Namgombeza asiye na mpango wowote.

Makovu hurudi. Yale mepesi hurudi kwa wachache. Yale mazito hurudi kwa wengi, hata kama kazi ya kwanza ilikuwa safi. Kwa sababu hiyo kamera inarudishwa ndani baada ya wiki kadhaa au miezi miwili hivi, kuangalia na kutenganisha yaliyoanza kushikana yakiwa bado laini. Wapo wanaohitaji kurudia zaidi ya hapo. Jiandae kwa hilo mapema, usije ukaambiwa kuna upasuaji wa pili ukadhani wa kwanza uliharibika. Baada ya kazi yoyote ya ndani, homa, usaha wenye harufu au maumivu yanayozidi badala ya kupungua vikupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Bado unaweza kuzaa? Ndiyo, inawezekana kabisa, na sisemi hivyo kukuliwaza. Walio na makovu mepesi wengi hushika mimba baada ya matibabu. Kwa walio na makovu mazito namba hushuka, na umri wa zaidi ya miaka 35 huishusha zaidi. Wewe bado uko upande mzuri wa mstari huo, basi usikae tena. Kwako kipimo kitakuwa kile kitakachoonekana kwenye kamera: ni kiasi gani cha utando kilichobaki. Omba uandikiwe hicho kwenye ripoti, ikiwezekana na picha. Kuna kitu kingine nitakuomba umkumbushe daktari, kwa kuwa hukukitaja. Akiwa ndani achukue kipande cha utando kipimwe kifua kikuu, hasa kama umewahi kuugua au kuishi na mgonjwa. Historia yako inaonyesha kisababishi waziwazi, lakini kifua kikuu cha kizazi huacha makovu mabaya sana, na kinatibiwa kwanza kwa dawa zake.

Matangazo ya wifi yako yasome ukitaka kucheka. Kovu la kizazi ni nyama iliyoungana na nyama. Halina kinywaji wala kidonge cha kuliyeyusha. Ninachokuomba sana ni usiingize ukeni chochote kilichouzwa kwa jina la kusafisha kizazi. Ukipata maambukizi juu ya damu iliyokwama ndani, utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Utasikia pia habari za kupandikiza seli shina ili kuotesha utando upya. Hizo bado ni utafiti, na anayekuuzia leo kama tiba kamili amewatangulia watafiti wenyewe.

Hukujiharibia. Kukaa kimya kulichelewesha jibu, lakini si kimya kilichoshikanisha kuta. Mwanamke anayenyonyesha akikosa hedhi hana sababu ya kushtuka, na aliyekuwa akiteswa na damu nyingi akipumzika ana haki ya kufurahi. Wala usimlaani aliyekusafisha. Mama mwenye kipande cha kondo na mabonge yale anaweza kufa kabla ya alfajiri. Makovu haya si ya watu wachache waliokosea. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2014 uliwaangalia wanawake waliopigwa kamera ndani ya mwaka mmoja baada ya mimba kuharibika, ukakuta makovu kwa karibu 1 kati ya 5, ingawa zaidi ya nusu yalikuwa mepesi. Shirika la Afya Duniani limeshasema kukwangua kwa chuma ni njia iliyopitwa na wakati kwa mimba iliyoharibika, na kwamba kunyonya kwa pampu au kutumia dawa kushike nafasi yake. Msomaji mwingine ambaye wiki hii ameambiwa anahitaji kusafishwa, na hali yake si ya dharura, ana haki ya kuuliza kama njia hizo zipo hapo alipo.

Mimba ikiingia, siku ya kwanza ya kliniki sema: nilikuwa na makovu ndani ya kizazi, yakakatwa. Usisubiri kuulizwa. Baada ya hali hii kondo la nyuma linaweza kujishika kwa kina kupita kiasi, au kukaa chini likaziba njia, na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Ultrasaundi zako ziangalie kondo kwa makini, na uzalie hospitali yenye damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji. Baada ya jinsi ulivyotokwa damu mara ya kwanza, hilo lisiwe la kujadiliwa.

Sasa mumeo. Mtoto wa miaka minne anathibitisha kwamba mbegu zilikuwa nzuri miaka mitano iliyopita, basi. Ugonjwa, dawa na umri hubadilisha mambo, na kipimo chenyewe hakina sindano wala kisu, wakati wewe unakwenda kulazwa kwa nusukaputi. Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo umwambie. Kwa kuwa makovu yanaweza kurudi, miezi inayofuata baada ya daktari kuridhika ndiyo mnayopaswa kuitumia. Ikigundulika wakati huo kwamba mbegu zake nazo zilihitaji matibabu, utakuwa umepasuliwa bure. Apime kabla hujaingia chumba cha upasuaji, na kama ana la kubishana aniandikie mimi.

Shangazi